Saa Kumi na Tatu kutoka Montreal

Si kweli kwamba Silvère alimzika baba yake harakaharaka ili ale peke yake shamba la migomba la Masaka, nje ya Kigali. Wanaoyasema hayo huko Remera hawakuwepo. Mukashema, mkewe, alikuwepo, na kwa kuwa Silvère, naye sasa marehemu, hana mwingine wa kumsemea, ukweli ni huu.

Silvère alifundisha jiografia miaka kumi na tisa. Alikuwa na tufe la dunia na uzi mwekundu wenye mafundo. Akiunyoosha kati ya miji miwili yoyote, alikutajia papo hapo kilomita na saa za ndege. Mwenyewe hakuwahi kupanda ndege.

Mzee alipofariki, Agosti 1991, kaka mkubwa, Libère, alikuwa Montreal. Katika ukoo wao, kifungua mimba ndiye anayetupa udongo wa kwanza kaburini. Libère akapiga simu: "Nakuja. Msimzike bila mimi."

Silvère akaunyoosha uzi. "Kilomita elfu kumi na moja na mia saba. Saa kumi na tatu. Kesho yuko hapa."

"Basi mzee apelekwe hospitali, kwenye baridi," Mukashema alisema.

"Kwa saa kumi na tatu, Mama Kaliza? Baba yangu alazwe na maiti asiowajua?"

Alipima anga tu. Hakukumbuka kwamba msafiri wa Montreal alibadili ndege Brussels, kwamba ya Kigali iliondoka huko mara mbili tu kwa wiki, na kwamba ya karibu ilikuwa imeshaondoka. Siku ya pili waombolezaji walihamia uani. Siku ya tatu shangazi Mukasine alijiziba pua kwa kitenge, akasema kila mtu asikie: "Mwalimu, kaka yako anakuja kwa ndege au kwa miguu?"

Adhuhuri hiyo wakazika. Silvère ndiye aliyetupa udongo wa kwanza.

Libère alifika kesho yake. Hakulia. "Lete uzi wako," alisema. "Pima."

Mbele ya wote, Silvère akapima kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Saa ngapi?"

"Kumi na tatu, kaka."

"Haya, waambie watu baba alioza saa ngapi."

Kuna waliocheka. Mukashema anawajua kwa majina.

Siku ya kuondoa matanga, pombe ya ndizi ikiwa katikati na mrija mmoja ambao waliopatana hupokezana, Silvère alipiga magoti akaomba radhi. Libère alivuta funda, akaupitisha mrija juu ya kichwa cha mdogo wake na kumpa jirani. Kisha akarudi Montreal. Barua saba alizoandikiwa hakuzijibu.

Silvère alifariki Machi 1993. Mukashema akampelekea Libère telegramu. Jibu lilikuja siku hiyohiyo: "Zikeni. Msinisubiri."

Wakazika. Watu huuliza kama Mukashema alimjibu shemeji yake, na kwa maneno gani. Hilo hasemi. Asiulizwe tena.