Katibu Ambakisye na tangi lililokataa kukaa chini

Jamani, bado nakataa. Wiki iliyopita tu kanitumia voice note ya kunicheka, leo nahangaika kutafuta picha yake ya kuweka humu.

Ambakisye, katibu wa chama chetu cha wauza mafuta Kyela, ametutoka. Jana tumemzika kwao Njisi.

Vijana mnamjua kama yule mzee wa tai. Mimi nilifanya naye kazi, acheni niwaambie.

Miaka ile biashara ya mafuta ilipofunguliwa kwa watu binafsi, kila mwenye pikapu na mapipa mawili alijiita muuza mafuta. Marehemu mume wangu aliniachia watoto watatu na pampu moja ya kuzungusha kwa mkono. Watu wa asili ya pwani sisi, shamba la mpunga sina, migomba sina. Pampu ile ndiyo ilikuwa shamba langu.

Wanachama tulikuwa tisa. Tulikutana kwenye kibanda chake, barabara ya Kasumulu, tumekalia mapipa matupu. Joto lote lile la Kyela, yeye na tai! Na minutes zake sasa, mpaka aliyekohoa anaandikwa.

Kuna mwaka mmoja mambo yalituangukia yote kwa pamoja.

Walianza kina mama wauza dagaa wa Lyulilo, kule ziwani. Walitujia mkutanoni na beseni la dagaa, hasira hiyo! Mapipa yetu ya mafuta ya taa yalikuwa yanasafiri kwenye mitumbwi ileile ya samaki, tena yanavuja. Mmoja akamsukumia katibu beseni: "Baba, onja mwenyewe."

Akaonja. Akatafuna, akameza, macho yanamtoka machozi, kisha akaandika kwenye minutes: "Dagaa wana ladha ya mafuta ya taa. Katibu amethibitisha." Nilicheka mpaka nikateleza kwenye pipa.

Tangu siku hiyo pipa letu halikupanda tena mtumbwi wa samaki. Alisimamia mwenyewe.

Hatujapumua, barua ikaja kutoka mkoani. Mapipa marufuku, kila kituo kizike tangi ardhini, mkaguzi anakuja, asiyetimiza anafungiwa. Na deadline yenyewe katikati ya masika.

Nililia palepale mkutanoni, mbele ya wanaume wote. Tangi ningelitoa wapi mimi? Katibu akafunga daftari. "Mama Rehema, tutazika la kwangu kwanza. Mkaguzi akiona limekaa vizuri, nitamwomba muda kwa ajili yenu."

Basi tukachimba. Na kwetu ukiona wanaume wengi na majembe, unajua kuna msiba. Mama mmoja akapita na mkungu wa ndizi kichwani, akasimama, akauliza kwa huruma nani amefariki.

Katibu akavua kofia. "Tangi, mama. Alikuwa mtu wa watu."

Yule mama alicheka, akatuachia ndizi zake zote.

Sasa kosa letu. Katibu alitaka mkaguzi alikute tangi safi linang'aa, kwa hiyo tulilisugua ndani, tukalizika tupu. Tupu! Kyela! Masika! Watu wa hapahapa, tunaojua ukichimba futi mbili unakutana na maji.

Mvua ikapiga siku tatu. Asubuhi ya ukaguzi nafika, tangi limeibuka, limejilaza juu ya tope kama kiboko.

Mwenyekiti anapiga kelele, "Leteni turubai! Tuseme ndiyo kwanza limeletwa!" Wengine wanalisukuma kwa mabega. Mimi nawaza wanangu watakula nini.

Gari la mkaguzi likasimama. Ambakisye akanyoosha tai, akatembea kwenye tope mpaka mlangoni pa gari.

"Bwana mkaguzi, tangi tulilizika. Limefufuka. Niliamua mimi lizikwe tupu, hawa wenzangu hawana kosa. Ila na barua yenu nayo imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuona masika ya Kyela."

Nikasema hapo tumekwisha. Mkaguzi akalitazama tangi, akamtazama katibu na tai yake yenye tope, akacheka mpaka akaomba kiti.

Lakini kazi ni kazi. Aliandika kwamba sisi wengine tusubiri mvua ziishe, tuzike matangi yaliyofungwa kwenye zege. Kituo cha Ambakisye kikapigwa kufuli siku hiyohiyo.

Pampu yangu ikabaki wazi. Yake ilifungwa msimu mzima.

Na kila asubuhi alikuja kwangu na tai yake, akazungusha pampu yangu, eti mkono wake usije ukasahau kazi. Wanangu walikula na kusoma kwa pampu ile. Rehema mnayemwona kwenye picha ya pili, mwalimu mkuu wa leo, ni mmoja wao.

Kila nikitaka kumshukuru ananikatisha. "Mama Rehema, shukrani hazimo kwenye agenda. Subiri kwenye mengineyo." Na mengineyo yenyewe hatufiki, anafunga mkutano watu wakapike. Miaka yote hiyo!

Jana mvua imetunyeshea makaburini, mvua ya Kyela hasa. Rehema ananivuta mkono, "Mama, twende, watu wameondoka." Nikamwambia ngoja kidogo.

Nilikuwa naangalia ule udongo. Tangi liliibuka, bwana. Nikasema hebu nisubiri.

Mwenye picha yake bila tai aiweke hapo chini, ingawa nitajua si yeye.

Katibu, leo huna pa kunikatisha. Tumefika kwenye mengineyo. Ndaga fijo, asante sana baba, kwa pampu na kwa wanangu. Lala salama.