Viti vya Maman Domitille

Katika mtaa mzima wa Kadutu hapakuwa na msomi kama Barthélemy. Alikuwa kinyozi, ndiyo, lakini kunyoa kulikuwa kupitisha muda tu. Kazi yake hasa ilikuwa kutabiri mechi. Alijua ni goti la nani linalouma katika daraja la pili la Ureno. Darasa la mwanawe Nathanaël alilikisia, na mara nyingi alikosea. Kwenye kibanda cha kubeti walimwita "Prof". Kuitwa Prof na watu wanaoliwa pesa kila wiki, heshima iliyoje!

Shida ya wasomi ni kwamba wake zao hawawaelewi. Domitille, mkewe, alikuwa amemwonya: "Papa Nathanaël, siku utauzisha kitu ya hii nyumba juu ya mupira, mi narudia kwetu Miti na mutoto." Barthélemy aliapa. Kuapa kulikuwa kipaji chake cha pili.

Kisha Domitille akaenda kijijini kwao Miti kumuuguza mama yake, na Prof akaona mwanga. Mechi sita kwenye tiketi moja, zote za uhakika; ikikosa moja, pesa zote zimekwenda. Kilichokosekana ni mtaji. Sebuleni palikuwa na viti vya mbao, ambavyo wajomba wa Domitille walimpa siku ya harusi. Viti hivyo havikuwa na kazi, vilikaa tu mchana kutwa. Barthélemy akavipeleka sokoni, eti kwa siku chache, mpaka ushindi uvirudishe.

Na kwa kuwa alikuwa Mkatoliki mwema, hakutaka kumwacha Mungu nje ya jambo hilo. Katika shirika lao, yaani majirani wanaosali kila Alhamisi nyumbani kwa mmoja wao kwa zamu, kila mtu hutoa nia yake ya kuombewa. Barthélemy alisimama, akakohoa kidogo.

"Munisaidie kuombea mradi yangu. Matokeo inatoka Jumapili."

"Mradi ya wapi, papa?" aliuliza maman Françoise, kiongozi wa shirika.

"Ya inje. Ureno."

Ureno! Watu wakatazamana kwa fahari. Rozari zikasaliwa. Maman Françoise akafunga kula kabisa.

Jumapili, mechi tano zilitii. Ya sita nayo ilikuwa ikitii, mpaka kipa alipoamua, dakika za mwisho, kuuacha mpira upite katikati ya miguu yake kama mgeni wa heshima.

Alhamisi iliyofuata, zamu ya shirika ikaangukia kwa nani kama si kwa Prof? Domitille alirudi mchana huohuo, akakuta sebule imekuwa pana ajabu.

"Viti iko wapi?"

"Kwa fundi. Anapaka vernis, ing'ae. Nilitaka kukufurahisha."

Domitille alimtazama. Alitaka sana kumwamini, basi akawatumia majirani habari: kila mtu aje na kiti chake, kama wafanyavyo watu wa shirika mwenyeji akipungukiwa.

Wakapanda kijia wakiwa na mabenchi mabegani na vigoda mikononi. Wa mwisho alikuwa papa Marcellin, mzee mpole ambaye vijana humcheka kwa sababu ya simu yake ya vitufe. Kichwani alikuwa na kiti kizuri cha mbao.

"Nilikinunua juzi sokoni," alisema kwa furaha. "Maman, weye ukikalie wa kwanza."

Domitille hakukaa. Alipitisha kidole kwenye alama nyeusi ya pasi, ile aliyoiunguza mwenyewe siku za mwanzo za ndoa yake.

"Fundi wako," alimwambia mumewe polepole, "anatumika kazi mbio sana."

Prof akatabiri, safari hii bila kukosea, kwamba uongo mwingine usingefika mbali. Akasema yote: viti, mechi, Ureno, kipa.

"Ngoja," alisema maman Françoise. "Mi nilifunga njaa juu ya gardien ya Wareno?"

"Maman, alidaka mubaya sana," Barthélemy alijibu kwa unyenyekevu.

Wengine walicheka. Domitille alichukua mfuko wake wa safari, ambao bado ulikuwa haujafunguliwa.

"Ngoja kidogo, maman," alisema Marcellin. Akatoa simu yake. "Batoto banacheka hii. Banafikiri sina makuta ya kununua ingine. Ile ingine, ya kubetia, ilinikulia shamba. Sasa siye tulioshindwa kuacha kubeti peke yetu, tunakutana kwangu kila Samedi, saa ya mechi. Sœur Joviale, ule sista wa parokia, anakuja, alisomea mambo ya kichwa. Prof, ukuje."

"Kwani mi niko mugonjwa?"

Domitille akapiga hatua kuelekea mlangoni.

"Nitakuja," Barthélemy alisema haraka.

"Telefoni," alisema Domitille, mkono wazi mbele ya mumewe. Akapewa.

"Na kiti, maman, ni yako," alisema Marcellin.

"Hapana, papa. Urudi nacho. Akikalie kule kwako. Siku utaniambia ameacha, atakileta yeye mwenyewe kichwani, mchana, batu bote bamuone."

Mfuko aliuweka nyuma ya mlango. Hakuufungua.

Jumamosi, saa ya mechi, Prof alikuwa kwa Marcellin, ameketi juu ya alama ya pasi, akiwasikiliza watu ambao pale hakuna aliyemwita Prof. Nje, kelele zikalipuka: goli! Alijua ni nani aliyefunga. Alikuwa tayari kuapa. Akaukumbuka mfuko nyuma ya mlango, akakishika kiti kwa mikono miwili.