Mesoda na kurasa mbili zilizokataa kuachana

Saa mbili asubuhi. Tramu inapita barabarani juu, vikombe vinatikisika rafuni, na Mesoda Ohayon hainui kichwa. Ameinama juu ya meza ndefu katika chumba cha chini cha maktaba moja ya Yerusalemu, si mbali na soko. Mkono wa kulia ameshika kisu bapa cha mfupa. Wa kushoto ameziba mdomo, asije akaipumulia karatasi.

"Usiniulize kitu sasa hivi," anasema kwa sauti ya kiganjani. "Niulize nikishanyoosha mgongo."

Mgongo anaunyoosha baada ya kitambo, tena kwa kuusaidia na mikono yote miwili. Ana miaka sitini na mmoja. Zaidi ya nusu ya umri huo ameimalizia hapa, akishona na kuvitia viraka vitabu vilivyoandikwa kwa mkono, vingi vyake vya Kabala, ile elimu ya siri ya Wayahudi ambayo wazee waliisoma wakiwa wamefunga mlango.

Yeye hasomi siri hizo. Shule aliiacha darasa la nane akaenda kushona magodoro. Sindano ndiyo iliyomleta kwenye vitabu. Mshahara wake ni shekeli elfu saba na kidogo kwa mwezi, na kidogo hicho, anasema, hupotelea kwenye dawa ya macho.

"Godoro na kitabu ni ndugu," anacheka. "Vyote viwili watu huvilalia."

Kitabu kilicho mezani wiki hii ni cha Sulika Dahan, bibi wa miaka themanini na sita. Mumewe, marehemu Makhluf, alikibeba ndani ya gunia la unga kutoka bonde la Dara, kule kusini mwa Moroko, familia ilipohamia huku. Ni cha sala na maelezo ya siri za sala. Sasa bibi anahamia kwa binti yake, mjini Beer-Sheva, na kila kitu ndani ya nyumba kimetafutiwa pa kwenda.

Kitabu hiki alikuwa amekitafutia kaburi.

Hapa hakuna anayetupa kitabu chenye Jina la Mungu. Kikichakaa hata kisisomeke, huzikwa makaburini kama mtu, kwa udongo na kwa dua. Gari la kukusanya vitabu vya kuzikwa lingepita mtaani kwa Bibi Sulika siku ya Alhamisi, kabla ya Pasaka. Na cha kwake kilikuwa na kasoro ambayo hakuna aliyeweza kuiondoa: kurasa mbili za mwisho zilikuwa zimegandana kama mkate na sinia, na jalada la nyuma likavutwa likajikunja, hata kitabu chote kikawa hakifunguki vizuri.

Aliyemsihi bibi asubiri ni Gideon Plessner, msomi wa miaka thelathini na minne anayeandika historia ya Kabala. Wengi wa wenzake husema bonde la Dara lilipokea elimu hii kutoka nje, ikiwa imeshapoa. Plessner anadhani watu wa bonde walikuwa na yao tangu zamani. Na ukurasa wa mwisho ndipo mwandishi wa mkono huweka jina lake, mahali pake na mwaka wake. Jibu la Plessner lilikuwa limelala kati ya kurasa mbili zisizofunguka.

"Wazee wetu walikuwa wakiuliza siri inasema nini," anaeleza Mesoda. "Hawa wa siku hizi wanauliza aliiandika nani, lini, na aliipata kwa nani. Ni kama mtu anayeletewa supu akaanza kuuliza sufuria ilinunuliwa wapi."

"Sufuria nayo ina habari zake, Mama Mesoda," anajibu Plessner, ambaye amezoea kuchokozwa.

"Wewe kwanza hujafika arobaini, na mke huna. Zamani Kabala ilikuwa ya waume waliofika umri huo, wasingekuonyesha hata jalada."

"Ndiyo maana nikazaliwa siku hizi."

Bibi Sulika alitoa ruhusa mpaka Alhamisi. Kikifunguka kikasomeka, kitakuwa bado hai na kitaenda naye Beer-Sheva. Kisipofunguka, gari litakichukua.

Mesoda anapenda vitendawili, na hicho alimtegea Plessner siku ile ya kwanza walipokuwa wakikitazama.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nina mzee wangu. Akinyamaza anazikwa, akisema anarudishwa nyumbani."

"Hicho hata mtoto anajua. Kitabu."

"Basi mwombee mzee apate sauti."

Jumatatu, jamani, mzee hakupata sauti. Mesoda alidhani ni gundi, au mvua iliyovuja zamani. Akajaribu kisu cha mfupa kwenye pembe, karatasi ikaanza kuchanika, akaacha. Akajaribu joto kidogo, haikusaidia. Maji hakuthubutu. Kwa mwanga wa taa kutoka nyuma aliona kwamba juu ya ukurasa ule uliofichika kulikuwa na Jina lililochorwa kwa herufi kubwa, na wino ule wa zamani ukiguswa na maji hukimbia. Kulifuta Jina ni kosa kubwa. Alimpigia simu rabi wake, naye akamwambia kwamba anayejaribu kuokoa hahesabiwi sawa na anayefuta, ila afanye kwa mkono unaotetemeka.

"Mkono unaotetemeka!" anasema Mesoda. "Rabi hajawahi kushika kisu."

Jumanne asubuhi ndipo akakuta sisimizi.

Walikuwa wamepanga mstari kutoka dirishani, wakashuka ukutani, wakapanda mguu wa meza. Na hii ni wiki ya kuelekea Pasaka ya Wayahudi, ambayo mkate uliochachuka hauruhusiwi nyumbani, na chembe yake moja husakwa kama mwizi. Mesoda mwenyewe amefungia kabatini hata gundi yake ya unga wa ngano, akapika ya wanga wa viazi. Plessner alipoingia alikaribishwa na ufagio.

"Daktari! Umekula tena hapa!"

"Sijala!"

"Mkate wa ufuta, ule wa mviringo. Nakujua wewe."

"Mama Mesoda, nimeula nje, nimesimama kwenye jua kama mtu aliyefungiwa mlango na mkewe. Hata nguo nimekung'uta."

"Basi sisimizi wamekuja kusoma Kabala?"

Plessner alipiga magoti akawafuata kwa macho. Hawakuwa wakienda kwenye kiti chake. Walipanda mezani, wakaipita glasi ya chai bila kuijali, wakaingia kwenye sanduku la kitabu. Walikuwa wamekusanyika ukingoni mwa kurasa mbili zilizogandana, wametulia kama watu waliofika harusini.

Msomi akainama akanusa. Mesoda naye akanusa. Wakatazamana.

"Asali," wakasema pamoja.

Mesoda alimpigia Bibi Sulika papo hapo. Kwenye simu kulikuwa na kelele za masanduku ya kuhama, kisha kicheko cha mtu mzima anayefuta pua.

"Sisi hatukuwa na vibao vya kuandikia, binti yangu," alisema bibi. "Wenzetu walipaka asali kwenye kibao. Makhluf alipaka kwenye kitabu. Kila mvulana akitimiza miaka mitatu, baba yake anamkalisha mapajani, anafungua mwisho wa kitabu, anatia tone chini ya ukurasa. Mtoto analamba, ili elimu imkae tamu."

"Chini ya ukurasa, mama? Si juu?"

"Juu kuna Jina! Nani ataweka ulimi wa mtoto kwenye Jina? Chini kabisa, pasipo na Jina."

Mesoda akamwona Plessner amefumba macho. Chini kabisa ndipo mwandishi huweka mwaka.

"Lakini tulikuwa tukifuta vizuri baadaye," bibi akaendelea, na sauti yake ikashuka. "Wanne wote tulifuta. Wa tano ni Amram wangu. Huyo tulimlambisha huku, kwenye mahema ya wahamiaji, majira ya baridi. Alikuwa na homa, hana hamu. Akalamba mara moja akasema ameshiba. Makhluf akakifunika, akasema tutamalizia akipona."

Hakupona. Makhluf hakukifungua kitabu tena mpaka naye alipofariki.

Mesoda anasimulia haya akiwa amekunja mikono juu ya aproni. Baada ya simu ile, anasema, alikaa kwanza akanywa chai yake mpaka chini. Kisha akamwambia Plessner afunge dirisha.

Asali hulainika kwa unyevu, haihitaji kumwagiwa maji. Alichukua kitambaa ambacho hupitisha mvuke na kuzuia maji, akakilaza sehemu ya chini tu ya karatasi, akaweka juu yake karatasi nene iliyoloweshwa na kukamuliwa. Sehemu ya juu, kwenye Jina, aliifunika kwa karatasi kavu. Kila baada ya kitambo aliinua, akaonja kwa ncha ya kisu kama pamelegea, akarudisha. Plessner alikatazwa kutembea, kuongea na kuguna.

"Niliruhusiwa kupumua," anakumbuka, "ila upande wa mlangoni."

Siku nzima ya Jumanne ilipita hivyo. Jumatano, kabla ya mchana, kisu kiliingia pembeni bila kusukumwa. Mesoda akakisogeza taratibu, akisema maneno yake mwenyewe chini kwa chini, na kurasa zikaachana kwa mlio mdogo kama wa mtu anayetoa busu.

Jina lilikuwa zima. Hakuna herufi iliyobanduka.

Bibi Sulika alikuja mwenyewe kwa teksi, kofia ya kitambaa kichwani na kadi ya kliniki bado mkononi. Walimpa kiti. Plessner akamsomea polepole, kidole kikiwa hewani, hakigusi: "'Nimemaliza, mimi Yaakov mwana wa Yitzhak, katika bonde la Dara, mwaka wa...'"

Akainamia ukurasa zaidi.

"Mwaka wa ngapi?" aliuliza bibi.

Baada ya maneno hayo palikuwa na doa la kahawia, laini, linalong'aa. Ndimi za watoto watano zilikuwa zimepita hapo, na wino haukuwepo.

Bibi alivaa miwani, akatazama doa, akamtazama msomi.

"Wanangu wamekula mwaka wako, daktari?"

"Wameumaliza, bibi."

"Wote?"

"Hata mkia hawakuacha."

Akaanza yeye kucheka, bibi akafuata, Mesoda akalazimika kushika meza. Mtu aliyekuwa ngazini, anasema, angedhani pana harusi. Lakini Plessner alipomaliza kucheka alikaa chini, na uso wake haukuwa wa mtu aliyepata. Jina la mwandishi na bonde amevipata. Mwaka, uliomfanya asihi na asubiri, hana.

"Kuna taa za rangi ya zambarau," anasema sasa. "Wino ukiliwa, wakati mwingine karatasi bado inakumbuka. Tutapiga picha. Pengine utaonekana, pengine hautaonekana. Na kama hautaonekana, nitaandika kwamba ulilambwa, na wavulana wa nani. Hiyo nayo ni historia ya Kabala, ingawa wakubwa wangu wataguna."

Iliyobaki ilikuwa hoja ya Mesoda na Bibi Sulika. Kazi ya fundi ni kusafisha. Asali huita wadudu, huita ukungu, baada ya miaka hula karatasi. Alikuwa ameshashika pamba.

"Acha," alisema bibi.

"Mama, itaharibu kitabu."

"Hiyo ya juu ni ya Amram. Aliyoibakisha."

Mesoda anasema mafunzo yake yote yalimwambia asikubali. Akasimama na pamba mkononi. Mwishowe alimwomba bibi asogee karibu, akamwonyesha kwa ncha ya kisu: kilicho kinene kitoke, kwa sababu hicho ndicho kinachogandisha, na kitawafungia tena wajukuu mlango. Kivuli chake kwenye karatasi, ile rangi, kibaki. Bibi aliinama karibu na ukurasa. Kisha akanyoosha kidole, akagusa pembeni mwa doa, akakipeleka kidole midomoni, kama watu wa hapa wanavyobusu kitu kitakatifu.

"Toa," akasema. "Lakini usikitupe ulichotoa."

Hilo halikuwa la kuombwa. Kila chembe inayotoka kwenye vitabu hivi Mesoda huiweka kwenye kopo, na kopo likijaa hupelekwa kuzikwa. Chembe za asali ya Amram zimo humo sasa, zimefungwa kwa karatasi yake peke yake.

Alhamisi gari la vitabu lilipita mtaani kwa Bibi Sulika. Alimpa dereva sala zilizochanika na kalenda za zamani, akamtakia Pasaka njema, akafunga mlango.

Mesoda atastaafu baada ya sikukuu za vuli. Kabla ya hapo anataka kukishona kitabu hiki upya na kukitengenezea sanduku, kiwe tayari kwa Sikukuu ya Majuma, wiki saba baada ya Pasaka. Bibi Sulika ana kitukuu, Hallel, atakayetimiza miaka mitatu siku hizo.

"Msichana, lakini," bibi alimwambia kwa simu, kama anayemjaribu.

"Wavulana mmewaona walichofanya," alijibu Mesoda.

Atakipeleka Beer-Sheva mwenyewe, kwa basi, kikiwa mapajani. Hajui kusoma siri zilizomo na haoni haja ya kuanza leo. Anataka tu kumwona mtoto yule akifunguliwa ukurasa wa mwisho, aonyeshwe jina la Yaakov wa Dara, asomewe herufi.

"Na alambe asali, kwa nini asilambe?" anasema, akivuta taa karibu na kuuchukua uzi. "Lakini asali itakuwa kwenye sahani. Na mimi nitasimama katikati ya sahani na kitabu."