Mbwa Asiyeruhusiwa Mlimani

Filomena wa Kibosho hakuwa mtu wa kulalamika, ila jua la Maskati lilimtoa maneno. Kwao, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, jua ni mgeni anayekaribishwa. Huku Bawshar, kitongoji cha Maskati, jua ndiye mwenye nyumba, tena mwenye nyumba asiye na adabu. Ukimwambia Filomena kwamba ndani kuna kiyoyozi atakucheka. Kiyoyozi kinapoza ngozi tu, alisema. Hakina ukungu, hakina harufu ya mgomba ulioloa, wala hakikufanyi usogelee jiko upige soga na mama yako. Baridi ya mashine ni ya kuhifadhia nyama.

Alikuwa akifanya kazi kwa Amur, mhandisi wa serikali, katika nyumba kubwa nyeupe yenye ua wa saruji. Watu wa nyumba ile walikuwa wema, hilo lazima lisemwe, maana si kila aliyekwenda Uarabuni amebahatika hivyo. Amur na mkewe Bashayer walimlipa kwa wakati, na Ijumaa walimwachia nafasi ya kwenda kanisani mtaa wa Ghala. Bibi Mahfoudha, mama yake Amur, alizaliwa Unguja akaondoka akiwa kigori, lakini Kiswahili chake hakikuondoka naye hata siku moja, kilibaki kule kule na kila jioni alikwenda kukichukua kwa mawazo. Yeye na Filomena walikuwa wakikaa jikoni, mmoja akitamani mlima, mwingine akitamani mtaa wake wa utotoni, Malindi ya Unguja, na chai ikapoa mbele yao.

Shida haikuwa watu. Shida ilikuwa mbwa.

Mbwa huyo aliitwa Antar, rotwaila mweusi tii mwenye mashavu ya hudhurungi na kichwa kikubwa kama chungu. Muatasim, mtoto wa Amur, alimnunua angali kitoto cha mbwa, baba mtu akanuna, na kabla kununa hakujaisha kijana akapanda ndege kwenda kusoma Uingereza. Mbwa akabaki uani. Sasa katika nyumba ile watu wanaswali swala zao zote, na mate ya mbwa ni najisi: akikulamba, sharti uoshe mara saba, moja kwa udongo. Nani ana muda wa kuhangaika na udongo kila adhana? Bashayer akipita uani alikuwa akikusanya abaya yake hadi magotini. Ndipo macho yote yakamwelekea Filomena, Mkatoliki, na kamba ikatua mkononi mwake bila mtu kumuuliza yeye wala mbwa.

Akamlisha, akamwogesha, akamtembeza asubuhi kabla lami haijawaka. Antar akamzoea hadi akawa hali chakula kutoka mkono mwingine. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mkataba ulimpa Filomena likizo ya kwenda kwao, na kila likizo ilipofika swali lilikuwa moja: mbwa tutamwachia nani? Amur alimbembeleza kwa heshima zote, Bashayer akamletea zawadi ya manukato, na likizo ikapigwa kalenda. Mama yake kule Kibosho alikuwa akizeeka kwenye kioo cha simu. Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume.

Basi Filomena akajifundisha kutamani kidogo. Akaacha kutamani Kibosho yote, akabaki na baridi peke yake. Bibi Mahfoudha alikuwa amemsimulia habari za Jebel Akhdar, mlima ambao familia huenda kupiga kambi kila majira ya baridi. Alimwambia kwamba kule juu asubuhi maji ya ndoo hufanya ngozi ya barafu, na watu hulala na mablanketi mazito wakitetemeka kwa furaha. Kila mwaka magari yalipakiwa makaa na mablanketi, yakaondoka, Filomena akabaki kulinda nyumba na Antar. Aliyapungia mkono akacheka, kisha akaingia ndani akalia kidogo, akaosha vyombo.

Mwaka huu Muatasim alirudi, masomo yamekwisha, kazi ameshapata Maskati. Akasema safari hii Antar anakwenda kambini. Mbwa akienda, Filomena anakwenda. Hilo halikuhitaji mjadala. Hayawi hayawi, yakawa. Akatoa sweta alilofumiwa na mama yake, akalipigia pasi ingawa sweta halipigwi pasi. Akampigia mama simu kumwambia anakwenda kuona baridi. Mama akauliza kama huko kuna ukungu. Filomena akasema hajui, ila akifika atamwambia.

Walikwenda kwa magari mawili: Amur na mkewe mbele, nyuma Muatasim na Bibi Mahfoudha, na Filomena kiti cha nyuma na mbwa wake. Walipopita Birkat al Mouz, mji ulio chini ya mlima, askari wakakagua magari kama yanaweza kupanda, ndipo safari ya juu ikaanza. Masikio yakaziba. Filomena akashusha kioo kidogo tu, na hewa ikaingia. Ilikuwa baridi ya kweli, yenye mawe na miti ndani yake. Machozi yakamtoka asiweze kuyazuia, na Bibi Mahfoudha, aliyekuwa akimwona kwenye kioo cha mbele, akajifanya anatazama mikomamanga.

Kambi yenyewe ilikuwa mpya, imezungushiwa uzio, mahema yamepangwa vizuri. Msimamizi wake, bwana mmoja aitwaye Yaqoob, aliwapokea getini kwa tabasamu pana. Tabasamu likadumu mpaka mlango wa nyuma ulipofunguliwa na Antar akatoa kichwa.

Yaqoob alisema kwa upole kwamba mbwa wanaruhusiwa, karibuni sana, lakini si aina hii. Rotwaila hapana, pitibuli hapana, na wengine akawataja. Muatasim akaeleza kwamba huyu ni mpole, hajamuuma mtu tangu azaliwe. Yaqoob akakubali kwamba huenda ni mpole kuliko watoto wake mwenyewe, lakini kambi haiangalii tabia, inaangalia aina. Wazazi wakimwona tu watafungasha. Kahawa na tende akatoa, ruhusa hakutoa.

Filomena alielewa Kiarabu cha kutosha kufahamu hayo, na yalimchoma mahali asipopatarajia. Ofisi ya wakala iliyomleta Maskati haikuwahi kumuuliza ana tabia gani. Ilimuuliza anatoka nchi gani, ikampangia nyumba.

Kisha Yaqoob akauliza mwenye mbwa ni nani, azungumze naye. Amur akamtazama Filomena. Bashayer akamtazama Filomena. Hata Muatasim, aliyemnunua mwenyewe, alijikuta akigeuza shingo. Filomena alikuwa ameshika kamba, amesimama ndani ya sweta lake, na kwa mara ya kwanza akaona wazi kwamba nyumba nzima imempa kitu ambacho hakuna aliyekitaka.

Amur, mtu wa mipango, akapata ufumbuzi haraka. Muatasim amshushe mbwa, akamfunge kwenye gereji ya rafiki yake Shihab kule Ghala, arudi kabla ya chakula cha usiku. Filomena abaki. Akamwambia aingie, achague hema karibu na la Bibi, ajipumzishe. Alisema kwa moyo safi, na Filomena akaingia.

Alipiga hatua chache tu ndani ya uzio. Moshi wa kuni ulikuwa ukipanda kwenye mahema, na upande wa bondeni kitu cheupe kilikuwa kimeanza kukusanyika juu ya mashamba ya ngazi. Ulikuwa ukungu. Alisimama akauvuta kwa pua mpaka kifua kikauma. Alitaka kubaki pale kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote Omani. Kisha akageuka. Antar alikuwa amevutwa na Muatasim mpaka garini, hataki kupanda, hapigi kelele, anatazama getini tu. Gereji ile aliijua. Aliipita Ijumaa akienda kanisani. Ni chuma na oili na kelele, na huyu atafungwa mnyororo kwa watu asiowajua, asijue kama kuna atakayerudi kumchukua.

Filomena akatoka getini, akapanda kiti cha nyuma, na mbwa akapanda nyuma yake bila kuambiwa. Amur alishangaa lakini hakubisha. Bibi Mahfoudha naye akasema magoti yake yamekwisha kuiona baridi, yametosheka, anashuka nao. Ulikuwa uongo, maana bibi yule aliipenda kambi kuliko wajukuu, lakini haikuwa adabu Filomena ashuke peke yake na kijana, na mzee wa Kizanzibari hangojei kuambiwa jambo kama hilo.

Wakashuka. Masikio yakazibuka, joto likarudi garini kidogo kidogo, na Filomena akalivua sweta akalikunja. Bibi ndiye aliyeanza.

"Mbona hukubaki, mwanangu? Nnajua ulivyoitaka baridi ile."

Filomena akaliweka sweta mapajani. Mambo aliyoyafunga miaka yote hayakutaka kutoka kwa mpangilio.

"Nimeionja, Bibi. Nikajua siyo yenyewe. Ningelala pale, kesho ningeumia zaidi. Mimi nataka kwenda kwetu, kwa mama yangu. Na siendi kwa sababu ya huyu mbwa."

Muatasim akapunguza mwendo. Huko Uingereza alikuwa akitumiwa picha za Antar, amenenepa, anang'aa, na hakuwahi kuuliza nani anashika kamba nje ya picha. Akauliza ni nani alimwambia haruhusiwi kwenda kwa sababu ya mbwa.

"Sote," akasema Bibi Mahfoudha. "Hata miye. Nilikuwa nnaogopa jiko litakuwa kimya."

Chini ya mlima, baada ya kituo cha askari, Muatasim akaegesha gari pembeni. Akaja nyuma, akafungua mlango, akanyoosha mkono. Filomena akadhani anataka kumsaidia kushuka, kumbe alikuwa akitaka kamba. Antar akamnusa, akamkumbuka au hakumkumbuka, akamlamba kiganja chote mpaka kwenye kifundo. Bibi akavuta pumzi.

"Maji yapo, Bibi, na udongo upo," Muatasim akasema. "Dini haikunikataza kumshika. Imenambia ninawe."

Bibi akatazama nje, kwenye bonde lote lile la vumbi lisilo na mwisho, akasema kama ni udongo, basi Mola amewajaalia. Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akamwambia Filomena kwamba kesho asubuhi atampigia Amur simu huko huko mlimani habari ya tiketi ya kwenda kwao, na Amur hajawahi kumbishia mama yake akashinda.

Muatasim akaanza kutembea na mbwa kando ya barabara. Antar akaenda hatua kadhaa, akasimama, akageuza kile kichwa chake kikubwa kumtafuta Filomena. Kamba ikakazika. Muatasim akamwita kwa Kiarabu, akamwita kwa Kiingereza, mbwa hakutikisika. Filomena alijua neno moja tu lingetosha na angekuja mbio. Alimtazama naye akamtazama, na akaona kwamba akifika Kibosho, ukungu ukishuka na mama yake yuko karibu na jiko, bado kutakuwa na kitu cha kutamani.

Akaziba mdomo kwa kiganja asije akamwita, mpaka mbwa akageuka mwenyewe, akamfuata Muatasim.