Siku Nilipoziapdeti Kompyuta Zote kwa Mpigo

Naomba mnicheke taratibu, maana hadi leo nikipita mbele ya meza ya Mama Sikitu, sekretari wetu, natazama chini kama mtu aliyedondosha sindano.

Mimi ni fundi kompyuta wa shirika moja hapa Mpanda (kwenye barua ya ajira cheo ni kirefu zaidi, ila kazi ni ileile ya kuitwa printa ikigoma), na bosi aliniagiza nipange jambo ambalo hatujawahi kulifanya tangu ofisi ifunguliwe, yaani kuapdeti programu za kompyuta zote ishirini na sita kwa utaratibu. Nikaandika mpango wa kurasa nne, kwamba tutaanza na mbili za majaribio, tuziangalie wiki nzima, ndipo zifuate nyingine. Bosi akasaini. Aliyeandika mpango na aliyeuvunja ni mimi huyohuyo, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Kwenye skrini yangu kulikuwa na sehemu ya kuchagua kompyuta mojamoja na sehemu ya kuchagua zote, na mimi tangu utoto ukinionesha kitufe nitataka kujua kinafanya nini. Ikafika saa nne, watu wakatoka kwenda chai. Kwetu mtu akitoka anazima skrini tu, anaifunika kitambaa chake cha kufuma (wengine wana maua, Mama Sikitu ana bata), basi nilipochungulia nikaona vitambaa kila meza, nikajiambia hizi zote zimelala, hivi zikienda kwa pamoja zitachukua muda gani? Nikachagua zote, nikaweka na tiki kwamba zijizime na kuwaka bila kumuuliza mtu.

Kumbe chini ya yule bata kulikuwa na fomu ya Kabula.

Kabula ni binti wa kijijini Mwese aliyekuwa anaombewa ufadhili wa chuo cha uuguzi, na mwisho wa kutuma fomu mtandaoni ulikuwa siku hiyohiyo saa nane mchana. Mama yake aliteremka kwa pikipiki tangu alfajiri, akakaa na Mama Sikitu asubuhi yote wanajaza kipengele kwa kipengele, na hawakusevu hata kimoja.

Watu wakarudi, wakafunua vitambaa, kila skrini kaduara kanazunguka, asilimia tatu, usizime kompyuta. Zote zinagombania intaneti moja! Saa tano asilimia nne, saa sita asilimia saba, na mimi kila nikiulizwa najibu, "Dakika tano tu." Ofisi nzima ikanizunguka.

"Wewe si uliandika mbili?" bosi akasema mbele ya wote, mpango wangu mkononi. "Hizi ndiyo mbili?"

Mama Kabula peke yake ndiye aliyeuliza kwa upole, "Baba, hako kaduara kanatafuta nini?" (Swali zuri, na mimi nilikuwa najiuliza hilohilo.)

Saa saba ilipogonga nikaacha kujidanganya, nikakodi bodaboda mbili, yangu na ya Mama Kabula, mbio hadi stesheneri moja Makanyagio. Kompyuta ya pale haijaapdetiwa tangu inunuliwe, nikaiona, nikavuta kiti. Mama Kabula akatoa kila kitu kichwani, hadi namba ya mtihani ya binti yake, mimi nachapa. Saa nane kasoro dakika sita fomu ikaenda.

Nje akanishika mikono yote miwili. "Asante baba kwa kunihangaikia." Hapo niliona aibu kuliko nilipogombezwa.

"Mama, nisamehe. Aliyezizima zile kompyuta ni mimi."

"Najua," akasema, anakaza khanga kiunoni. "Mtu asiye na kosa hakimbizi pikipiki namna ile."

Tangu siku hiyo naanza na kompyuta yangu mwenyewe, moja, na ya mtu mwingine siigusi mpaka aniambie kwa mdomo wake kwamba amemaliza, hata akisema nije kesho.