Fainali ambayo Dhahabo hakucheza

Saa kumi jioni, ukungu unashuka taratibu juu ya migomba ya Kanyakine, kaunti ya Meru, na Gladwell Gacheri amepiga magoti kwenye nyasi mbichi za uwanja wa shule. Mbele yake amesimama msichana wa miaka kumi na miwili, gongo likimfika kifuani.

"Mkono wa kushoto juu, wa kulia chini. Usilinyonge hivyo, si nyoka," anamwambia.

Wenzake wanaangua kicheko. Msichana anajaribu tena. Mpira unaenda kombo na kupotelea kwenye mibuni ya jirani, na kundi zima linaukimbilia huku likipiga kelele.

Gacheri, mwenye umri wa miaka 46, ni kocha wa mpira wa magongo katika Shule ya Wasichana ya Mwiteria. Hana darasa analofundisha. Yeye ndiye kocha, ndiye anayechora mistari ya uwanja kwa chokaa, na gongo likipasuka yeye ndiye anayelifunga kwa utepe mpaka lifike mwisho wa muhula. Wasichana ni zaidi ya hamsini, magongo hayafiki thelathini, hivyo kila timu hungoja nyingine imalize.

Timu zenyewe ni tatu: wadogo wa chini ya miaka 13, wa kati wa chini ya miaka 16, na wakubwa wa chini ya miaka 19.

"Hawa wadogo ndio raha yangu," anasema akiwatazama wakitambaa chini ya mibuni. "Wakifungwa mabao sita, wanauliza kama soda zimekuja. Wakubwa ndio huniumiza. Ama niseme ukweli, mimi ndiye niliyewaumiza."

Anainuka, anapangusa magoti. Hadithi anayotaka kuisimulia ni ya mwaka jana, msimu ambao shule nzima ilidhani ungekuwa wake.

Wadogo walianza vibaya wakamaliza kwa ushindi wao wa kwanza, wakabebana mabegani kana kwamba wametwaa kombe la dunia. Wa kati walishinda kaunti bila kufungwa hata mechi moja, wakiongozwa na Ntinyari, msichana wa miaka kumi na mitano mwenye mbio na mikono myepesi. Nao wakubwa waliwaangusha wapinzani wao wote wa Meru na kufuzu kwenda Embu kwa mashindano ya kanda.

Nahodha wa wakubwa alikuwa Dhahabo, binti wa mchinjaji wa mtaa wa Majengo, mjini Meru. Alicheza kiungo, amevaa suruali ndefu chini ya sketi na kilemba kilichokazwa nyuma ya shingo. Hakuwa na mbio za ajabu. Alikuwa na moyo.

"Alianza na mimi Kidato cha Kwanza, hajui hata mpira unapigwa kwa upande upi wa gongo," Gacheri anakumbuka. "Miaka minne hakukosa mazoezi. Mvua inanyesha, wengine wako bwenini, yeye namkuta uwanjani peke yake ananingoja."

Wakubwa walipoingia fainali, maneno yalianza. Wazazi walipiga simu. Walimu wenzake walimsimamisha kwenye mlango wa bwalo la maakuli. Wote walisema jambo moja: mpandishe Ntinyari, huyu mtoto atatuletea kombe. Nafasi aliyoijua Ntinyari ilikuwa moja tu, kiungo.

Tatizo lilikuwa kwamba wa kati nao walikuwa na nusu fainali yao asubuhi ile ile ya fainali ya wakubwa, uwanja wa pili. Gacheri aliamua wangeweza kujisimamia bila Ntinyari.

"Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mimi ziliniponyoka zote," anasema.

Asubuhi ya fainali, mjini Embu, alimwita Dhahabo kando ya basi.

"Leo utaanza benchi," alimwambia. "Ntinyari atacheza mahali pako."

Dhahabo alivua kitambaa cha unahodha mkononi.

"Ni sawa, Madam. Nimpe nani hii?"

Kocha alitarajia machozi, na alikuwa amejiandaa kwa machozi. Badala yake alimwona Dhahabo akichuchumaa na kumfunga Ntinyari vikinga vya miguu, kwa sababu mtoto yule alikuwa ameshindwa kuvifunga mwenyewe.

Habari mbaya zilitangulia kutoka uwanja wa pili. Wa kati, bila nyota wao, walikuwa wamechapwa. Ntinyari alizisikia akiwa tayari amesimama katikati ya uwanja wa fainali, miongoni mwa wasichana waliomzidi kimo na umri.

Alicheza kama mtu aliyebeba mtungi kichwani. Pasi aliyoizoea ilimtoka fupi. Kabla ya mapumziko alipokonywa mpira katikati ya uwanja, na bao likaingia. Mwiteria walisawazisha kwa kona fupi, ile adhabu ipigwayo kutoka mstari wa goli. Kipindi cha pili Ntinyari alianza kujificha nyuma ya wenzake, akiomba Mungu mpira usimfikie.

Hapo ndipo Gacheri alipomwambia Dhahabo apashe misuli.

Dhahabo aliruka kutoka benchi. Alikimbia pembeni mwa uwanja, akaenda na kurudi, gongo mkononi, macho kwa kocha wake. Kila alipopita aliuliza kwa macho. Katika mchezo wa magongo mchezaji hutolewa na kurudishwa wakati wowote, hata mara kumi. Lilihitajika neno moja tu.

Neno hilo halikutoka.

"Watu wananiuliza kwa nini," Gacheri anasema, na sauti inashuka. "Nikimwingiza, shule yote inajua nilikosea asubuhi. Nilijiambia Ntinyari atatulia, ngoja kidogo. Ngoja kidogo. Nilimwangalia Dhahabo, halafu nikageuza uso nikajifanya naangalia mchezo."

Bao la pili liliingia mechi ikielekea ukingoni. Kipenga kilipolia, Mwiteria walikuwa wamelala mawili kwa moja.

Ndani ya basi Ntinyari alilia mpaka akapata kwikwi. Aliyekwenda kuketi karibu naye ni Dhahabo. Gacheri, aliyekuwa kiti cha mbele, alisikia maneno yake yote.

"Usilie hivyo. Wewe bado una mwaka mwingine."

Kocha anasema aliutazama mji wa Embu ukipita dirishani na hakuona kitu. Dhahabo alikuwa Kidato cha Nne. Mwaka mwingine kwake haukuwepo.

Muhula wa pili Ntinyari hakufika mazoezini. Alisema amejiunga na kwaya. Dhahabo alifika mpaka siku alipojifungia kujiandaa kwa mtihani, akawafundisha wadogo, na Novemba akaondoka. Aliaga vizuri, kama mgeni aagavyo.

Gacheri hakupata usingizi mzuri Desemba nzima. Januari alipanda gari hadi mjini Meru, akapitia mtaa wa Makutano, akateremka Majengo na kuuliza duka la nyama la Mzee Ogle, babake Dhahabo. Alimkuta Dhahabo nyuma ya mizani, aproni nyeupe kifuani, akimhudumia mteja. Babaye alikuwa akikata mbavu.

"Mwalimu wa magongo!" Mzee Ogle alisema kwa furaha, akifuta mikono. "Karibu, karibu. Nilikuwa Embu siku ile, unajua?"

Gacheri hakujua.

"Miaka yote nilikuwa sitaki huu mchezo, msichana kukimbia mbele ya watu. Lakini akaniomba, Baba, hii ni ya mwisho. Nikafunga duka, nikaenda, nikakaa kwa nyasi kule mbali. Nilimwona. Wallahi alikimbia! Pembeni pale anaenda, anarudi, hapumziki. Nikampigia makofi."

Kocha alielewa polepole. Mzee yule hakuwa amewahi kutazama mechi hata moja. Alidhani kukimbia pembeni ndiyo kazi aliyopewa bintiye. Na Dhahabo, kwa miezi yote hiyo, hakumsahihisha.

Alimtazama msichana. Dhahabo alikuwa ametazama chini, akipangusa mizani iliyokuwa safi tayari.

"Mzee," Gacheri alisema, "mtoto wako hakucheza. Alikuwa anangoja nimwingize. Mimi ndiye niliyemnyima nafasi. Nimekuja kuomba msamaha."

Mzee Ogle aliweka kisu juu ya gogo.

"Kwa hivyo nilimpigia makofi mtu wa benchi?"

"Ulinipigia mimi, Baba," Dhahabo alisema. "Nilikusikia."

Mzee hakufoka wala hakumfukuza mgeni.

"Ningependa kumwona akicheza, Mwalimu," alisema hatimaye. "Hata kidogo tu. Nilikuwa nimefunga duka siku nzima."

Nje ya duka, Dhahabo alimsindikiza kocha hatua chache barabarani, kuelekea upande wa msikiti. Gacheri alimuuliza kama amemsamehe.

"Benchi haikuniuma, Madam. Ntinyari ananishinda, najua. Kilichoniuma ni kwamba uliniona, halafu ukageuka." Akaitazama barabara. "Imepita."

"Lakini haijapita," Gacheri anasema sasa, akikusanya magongo. "Mtu akikuambia imepita huku anaangalia barabara, unajua bado iko."

Mwaka huu amebadilisha taratibu. Kila msichana wa Kidato cha Nne aliye kikosini hucheza kila mechi, hata kama ni dakika chache. Wakubwa walitolewa mapema kwenye mashindano ya kaunti, na mwalimu mkuu hakufurahi. Ntinyari amerudi, lakini huomba acheze nyuma, karibu na kipa, mbali na macho ya watu. Gacheri hamlazimishi. Anakiri kwamba wepesi ule wa mikono hajauona tena, na hajui kama utarudi.

Mpango wake ni kuanzisha timu ya wasichana waliomaliza shule, icheze Jumapili mjini Meru. Kumi wamekubali tayari kati ya kumi na mmoja wanaohitajika uwanjani, na timu ya wanawake ya Embu imeahidi mechi ya kirafiki mwezi Agosti. Alimpigia simu Dhahabo wa kwanza kabla ya wote. Alijibiwa kwamba Jumapili duka huwa na wateja wengi. Wiki iliyofuata Mzee Ogle mwenyewe alipiga, akasema nyama inaweza kungoja alasiri moja. Dhahabo bado hajasema lolote.

"Simsukumi," anasema Gacheri. "Namtumia salamu tu, namwambia tunaanza lini. Nafasi ya kiungo sijampa mtu. Wenzake wananiuliza, Madam, tutacheza kumi? Nawaambia ndiyo, tutacheza kumi, mpaka aniambie kwa mdomo wake kwamba hataki."