Likizo ya Mutanu

Mutanu ndiye karani wa wafanyakazi kwenye ghala letu la ndengu hapa Kabati. Miaka tisa ametugombeza: sheria inakupa likizo ya siku ishirini na moja kila mwaka, nenda nyumbani! Ndiye aliyenipa mimi, askari wa geti, tangazo nibandike: aliye likizoni asiingie, asije akafanyishwa kazi bure.

Jumatatu afisa wa leba alipekua faili, akakuta Mutanu mwenyewe hajawahi kupumzika hata siku moja. Tajiri aliona aibu, akamtuma nyumbani saa hiyo hiyo.

Jumanne alirudi eti amesahau sweta. Jumatano, gambuti, na mvua hatujaiona tangu Desemba! Leo ameshika geti kwa mikono miwili, analitingisha.

"Nyamai, fungua! Wataniharibia faili."

"Madam, soma tangazo."

"Niliandika mimi!"

"Basi unalijua."

Akaliachilia geti. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Kwani nyinyi mkienda nyumbani, huwa mnafanya nini?"